Kuku Kumi na Mmoja wa Mama Glory

Zimeni hiyo redio, wanangu, mje mkae karibu, maana sauti yangu siku hizi haivuki mlango. Mustapha, keti hapo kwenye kiti cha kamba. Ikram, panda kitandani ukae miguuni pangu, miguu yenyewe imevimba hata haisikii uzito wa mtu. Na wewe Zamda, acha kwanza huo mtama wa kuku, watakula baadaye, kwa sababu ninayotaka kuyasema leo yanakuhusu wewe kuliko hawa wenzako. Daktari aliponiambia nirudi nyumbani nikapumzike, sikumwuliza pumziko lenyewe ni la siku ngapi, lakini niliona jinsi alivyomtazama Mustapha, nikaelewa. Basi nisikilizeni, msinikatize, na anayetaka kulia alie kimya kimya, kwa maana nikiyapoteza maneno haya leo sina hakika kama nitayapata kesho.

Mali kwanza. Mali si nyingi, na Mwenyezi Mungu amekwisha kuigawa kabla yangu. Shehe atakuja na kalamu yake, atasema wa kiume hivi na wa kike hivi, nanyi mtakubali bila kununa. Lile shamba la mahindi la Handeni, ekari tatu, mpaka wake wa juu ni mstari wa mkonge nilioupanda kwa mikono yangu mwaka nilioacha kazi ya kukata mkonge kule Mazinde. Hiza, mtoto wa marehemu kaka yangu, atakuja kuwaambia mpaka uko chini ya hapo, na atakuja kabla tanga halijaanuliwa, namjua. Msigombane naye. Mwonyesheni mkonge, kisha mpeni chai aende zake. Baiskeli mpeni mwadhini, aache kutembea kwa miguu alfajiri na magoti yale mabovu. Nyumba hii nawaomba, naomba wala siamuru, Mustapha na Ikram, mwachieni Zamda akae humu mpaka siku yake ya mwisho, kwa kuwa nyinyi mna kwenu na yeye kwake ni hapa. Mmeitikia wote wawili, nimesikia, Mungu awalipe. Hayo yamekwisha, na ndiyo yaliyokuwa mepesi.

Lililo zito ni la kuku.

Mnajua wote jinsi ugonjwa wa utotoni ulivyomwacha Zamda na mguu ule. Jembe haliwezi, ndoo ya maji kichwani haiwezi, na waliokuja kumposa walikuja, wakautazama mguu, wakasema watarudi. Lakini kuku amewaweza. Mwanamke huyu anajua tetea gani ataanza kutaga kesho kwa kumtazama upanga wake wa kichwani tu, na akisikia kifaranga kinakohoa usiku huamka yeye kabla ya mama wa kifaranga. Mayai yake wanayangoja wauza chai wa stendi, wanayachemsha, abiria wa mabasi wanayala kwa chumvi na pilipili bila kujua yametoka wapi, na mimi miaka yote hii nimekula dawa, sukari na kitoweo kutokana na mayai hayo. Ninasema wazi mbele yenu, kwa sababu mwanamume hapendi kulisema: tangu nguvu ziniishie, Zamda ndiye aliyenilisha. Kuku ishirini na tatu. Akinyang'anywa hao, nyumba mliyomwachia itakuwa kuta na bati.

Na wananyang'anywa Jumatatu. Ikram wewe umefika jana kutoka kwa mumeo, hujui, ngoja nikueleze. Yule mtendaji wetu wa mtaa, binti Lea, alikuja na karatasi akasema sheria ndogo ya kuku iliyokuwa imelala imeamshwa, kila mfugaji ajiandikishe. Masharti ni matatu. Kuku wawe bandani, wasizurure. Tunalo banda, Mustapha alilijenga kwa miti ya mkonge na likasimama vizuri. Banda liwe hatua kumi kutoka mlango wa jirani. Lea mwenyewe alizipima, akapata kumi na mbili. Sharti la tatu, kila jirani mnayepakana naye aweke saini kwamba ameridhia. Upande huu ni reli, na treni haina kalamu. Nyuma ni Abraham, alisaini hata chai hajamaliza. Upande wa kushoto ni Mama Glory, Yasinta, mjane aliyetoka Lutindi, anayeniletea uji kila siku tangu nilipolala. Yeye amekataa. Bila saini yake mgambo watakuja na tenga Jumatatu asubuhi, na leo ni Ijumaa.

Nilimwuliza Lea, kwa hasira, nikamwambia, "Binti yangu, mitaa mingine wanafuga bila kuomba ruhusa ya mtu. Hili sharti la saini mmelitoa wapi?" Mtoto ana adabu yule. Alifungua kitabu cha mihutasari, kile cha jalada jeusi, akanisogezea, akasema, "Mzee, limetoka kwenye mtaa wetu huu huu. Saini ya chini ni yako." Nikamwuliza basi linafutwaje. Akasema linafutwa na mkutano wa wakazi, na mkutano uliopita umekwisha, mwingine ni baada ya miezi mitatu. Ni utaratibu nilioupanga mimi. Nilikuwa mwenyekiti mzuri sana wa taratibu.

Sasa nawasimulia mambo ambayo hata mama yenu, Mungu amrehemu, alikufa bila kuyajua. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya korona. Watu walilalamika kwamba kuku wanaparua vitalu vya mchicha, wanakunya barazani, jogoo wanawika saa nane, nami nikaitisha mkutano pale ofisini. Nilisimama nikazungumza vizuri juu ya usafi, mnanijua nikisimama. Nilipomaliza, Yasinta akanyoosha mkono, akasema, "Mwenyekiti, mimi naunga mkono. Ila kuku wako wanakula kwangu, wanataga kwangu, kwako wanakuja kulala tu. Sheria itaanzia wapi?" Watu walicheka, wanangu. Walicheka mpaka mzee mmoja akaanguka kwenye benchi, na kesho yake watoto wa shule walinipita wakiziba midomo. Hakuwa amesema uongo hata neno moja. Lakini mimi nilikuwa mwenyekiti, nilikuwa na mhuri, na mwenye mhuri akichekwa hutafuta mahali pa kuugonga. Nikaongeza sharti la saini ya jirani. Niliongeza kwa ajili ya mtu mmoja, ili aje kwangu na karatasi, aniamkie, aombe, nami nimwambie nitafikiria.

Hakuja. Siku thelathini za kujiandikisha zilipita hakuja. Nikachukua mgambo wawili, tukaingia uani kwake asubuhi akiwa kisimani, tukakamata kuku kumi na mmoja, majogoo wawili na matetea tisa, tukawatia kwenye tenga. Sheria inasema wakae ofisini siku tatu, mwenyewe alipe faini achukue kuku wake. Kama ningeifuata sheria niliyoiandika mwenyewe, leo nisingekuwa na la kuwaambia, tungekuwa tunazungumza habari za baiskeli.

Siku ya pili walikuja wageni wa ukaguzi wa usafi, watu sita na dereva, na ofisi haikuwa na cha kuwalisha. Mmoja akalitazama tenga. Mimi nikalitazama tenga. Mgambo wale walikuwa Wakristo, wakasema, "Mwenyekiti, chinja wewe ili tule wote," nami nikatoa kisu, nikaelekea kibla, nikasema Bismillahi mara kumi na moja kwa mdomo huu. Nilijua ni mali ya watu. Mwizi wa usiku anaogopa hata kivuli chake, mimi nilichinja mchana, nimevaa kofia, na wageni wakanisifu kwa wepesi wa mkono. Wakanipa sahani ya firigisi kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa shughuli. Nilizila zote. Na paja moja nililifunga kwenye gazeti nikalileta nyumbani, Zamda, nawe ukaniuliza kuku huyu ametoka wapi, nikakujibu ametoka kwenye kikao, ukala. Usishtuke, mwanangu, wewe hukuwa na dhambi, uliuliza.

Siku ya tatu Yasinta akaja na faini yake imefungwa kwenye ncha ya khanga, aliikopa kikoba. Akaniamkia vizuri. Akasema, "Nimekuja kuchukua kuku wangu, Mwenyekiti, na ile karatasi nitaileta usaini." Hebu tazameni, alikuwa amekwisha kukubali, alikuwa anakuja kuniomba kama nilivyotaka. Ningeweza kumwambia ukweli nikamlipa, nilikuwa na kuku wangu kumi na tisa hapa. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikamwambia, "Pole, mama. Kideri kimewapiga wote tengani, tumewachoma moto." Akaniambia wawili katika wale alikuwa amewachanja kwa matone ya macho. Na mimi, kwa kutaka uongo wangu usimame imara, nikamwambia kideri hiki ni kikali, kimeua hata waliochanjwa, kimo kwenye ardhi ya uani kwako. Nikamwambia faini tumekusamehe. Akanishukuru, wanangu. Akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya watu wa kwao, akanishukuru kwa kumsamehe faini.

Mngedhani hapo ndipo palipoishia. Hapana. Uvunguni mwa kitanda chake alikuwa na tetea aliyetoka kuangua, na vifaranga tisa, ambao mgambo hawakuwaona. Alirudi nyumbani akawaua wote. Hakuwala, maana aliamini wana ugonjwa, alichimba shimo akawatupia majivu na chokaa akawafukia mmoja mmoja, ili ugonjwa usiwafikie kuku wa majirani. Kisha akaja pale kwenye ua, akamwita mama yenu: "Mama Mustapha, wafungieni kuku wenu, msiwaachie wakanyage kwangu, kumeingia kideri." Mikono yake ilikuwa na majivu mpaka viwikoni. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nachokoa meno. Mama yenu akawafungia kuku wetu wiki tatu, akamwombea dua jirani mwema, na kuku hawa ishirini na tatu wa Zamda ni uzao wa wale waliofungiwa.

Yasinta hakufuga tena. Glory wake alikuwa kidato cha pili, na nauli yake na madaftari yake vilikuwa vinatoka kwenye kuku wale. Mwaka uliofuata sikumwona akipita na sare, nikasikia yuko Tanga anafanya kazi za ndani. Sikuuliza. Sisi wazee wa mtaa tunajua kila kitu cha kila mtu, lakini hilo nililiacha lipite.

Juma lililopita nilimwita hapa, nikamwomba saini ya Zamda. Alikaa hapo hapo alipokaa Mustapha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, mimi na Zamda hatuna neno, namwona kama Glory. Lakini wewe mwenyewe uliniambia ugonjwa umo kwenye ardhi hii, unaua hata waliochanjwa. Nilivifukia vile vifaranga kwa mikono hii, vingine vilikuwa bado vinalia. Siwezi kuandika jina langu kwenye kuku, mkono unakataa. Uji nitakuletea, karatasi hiyo usinipe tena." Zamda akamwonyesha kadi ya chanjo. Hakuitazama. Ataitazama kwa nini, na mwenyekiti wake alikwisha kumwambia chanjo haisaidii? Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga wamesema, lakini hawakusema kwamba huweza kumwingiza na mwanawe aliye kilema.

Mnaona nilivyojifunga. Nisiposema kweli, hawezi kusaini kwa hofu. Nikisema kweli, hofu itamtoka, lakini mahali pake itaingia chuki, na chuki haisaini. Kila siku saa nne analeta uji wa ulezi, ananikalisha, ananishikia kikombe. Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie, na mara tatu nimemeza uji. Mara ya kwanza nilijiambia kuna wageni. Mara ya pili nilijiambia amechoka, ametoka shambani Mashewa kwa dada yake. Mara ya tatu hapakuwa na mtu wala kisingizio, tulikuwa wawili tu, akanipangusa kidevu, na nikashindwa.

Zamda, nimekuona unavyonitazama. Unataka kuuliza kwa nini usiende wewe sasa hivi, ni hatua kumi na mbili tu, ukamwambia yote kabla ya Jumatatu. Nakukataza. Nakukataza kwa sababu nitakuwa hai. Saa nne atakuja au hatakuja, na mimi sijui lipi katika hayo mawili nitaliweza. Uite woga, ndilo jina lake. Naogopa uso wa mwanamke mmoja kuliko ninavyowaogopa Munkari na Nakiri wa kaburini, na najua kwa woga huu nakula riziki yako kama nilivyokula kuku wa mwenzako. Nalijua, nalisema, na bado siwezi. Nimekuwa mzee wa kumwomba Mungu nife Jumapili, ili mgambo wasinitangulie.

Na wewe Mustapha, nilikusikia jana ukinong'ona na Abraham pale nyuma, kwamba dole gumba ni dole gumba, aitwe mama yeyote aweke wino. Achana na hilo kabisa. Nyumba hii imekwisha kula uongo mmoja wa kuku, haitakula wa pili. Wala usimwambie dada yako auze wote aje kukaa kwako Handeni, kwa kuwa mkeo ni mtu mzuri lakini jiko lake ni lake, na Zamda si mtu wa kukaa kwenye kona ya jiko la mtu akingoja kuitwa kula.

Basi wosia wangu ndio huu, na huu ndio niliowaitia. Nikifa mtanitangaza kama desturi, mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na marehemu asamehewe. Watu wote husema hivyo makaburini kabla ya udongo, wanaume wanaitikia tumesamehe, wanakung'uta kanzu, wanarudi. Nami niliwaza hivyo kwanza, sitawaficha. Nilifurahi hata. Nikajiambia wanawake hawafiki makaburini, Yasinta atakuwa huku anaosha sufuria, nitasamehewa na watu ambao sikuwakosea, na mambo yamekwisha. Usiku mzima nilifurahi, kulipokucha nikaona aibu. Kwa hiyo msingoje makaburini. Tangazeni hapa uani, jeneza likiwa bado kwenye mkeka, wanawake wamekaa upande ule na yeye yumo kati yao, maana atakuwemo, atakuwa amekuja tangu alfajiri na kuni kichwani. Na msiseme maneno ya jumla.

Hebu Mustapha, jaribu, nikusikie. Sema kama utakavyosema siku hiyo.

Hapana. Umesema kama marehemu alimkosea mtu. Marehemu alimkosea mtu, na mtu huyo ana jina. Sema hivi: Baba yetu alimkosea Mama Glory. Kuku wake kumi na mmoja hawakufa kwa kideri, kideri hakikuwepo. Baba aliwachinja akawala pamoja na wageni, akamdanganya mwenyewe, na yeye akaua waliobaki kwa kutuhurumia sisi. Basi. Usiongeze alikuwa mgonjwa, usiongeze shetani alimpitia. Shetani siku ile hakunipitia, nilikuwa peke yangu. Halafu Ikram umpe kuku kumi na mmoja kutoka kwa Zamda, matetea tisa na majogoo wawili, na tetea mmoja mwenye vifaranga tisa. Zamda, wewe uwachague, na uchague wazuri, usimpe wale wenye macho mabaya. Najua hapo utabaki na kuku kumi na mmoja tu. Ndivyo ilivyo, mwanangu, nakudhulumu hata kwa kutubu.

Na siku hiyo asiguswe kwa habari ya saini. Nasema tena, karatasi ile isitoke sandukuni. Mkimwomba msamaha kwa mkono mmoja na kumpa karatasi kwa mkono wa pili, mtakuwa mmenichimbua mimi mwenyekiti mkanisimamisha tena. Akisaini siku nyingine kwa hiari yake, ni Mungu. Asiposaini, mwamkieni kama kawaida, na maji yakikatika kwake mpelekeeni. Akipiga kelele pale pale mbele ya watu, akinitukana nikiwa kwenye sanda, msimnyamazishe, wala shehe asimnyamazishe, mwambieni nimeruhusu. Na hitima yangu pikeni maharage. Asichinjwe kuku.

Nipe maji, Ikram. Kidogo. Yanashuka polepole siku hizi.

Dua la kuku halimpati mwewe, nilikuwa nikilisema hilo pale ofisini watu wakija kulalamika, na walikuwa wanaondoka wamenyamaza. Nililipenda sana neno lile. Sasa... ngojeni. Nani anapiga hodi? Saa nne imefika? Ni yeye. Nyamazeni. Zamda, futa uso, usimtazame hivyo. Nikalisheni. Huo mto, nyuma, hapo.

Karibu, Mama Glory. Karibu ndani. Marahaba, mama, marahaba. Nimeamka, namshukuru Mungu, kifua tu. Ndiyo, wamekuja wote, huyu ni Ikram, umemsahau? Amenenepa, ndoa imemkubali. Uweke hapo kwenye kigoda, watanipa wenyewe. Hapana, usiende, kaa kidogo. Kaa, mama, nina neno nawe. Watoto hawa wasikie pia.

Mama Glory, wale kuku... Wale kuku wako, wa mwaka ule...

Kuku, nasema. Hawa wa Zamda. Wamepiga kelele sana tangu asubuhi kwa kuwa hawajapewa mtama, nilitaka... nilitaka kukuomba msamaha kwa kelele. Hawakukusumbua? Haya. Haya, mama, ahsante. Ahsante kwa uji. Nenda, usije moto wako ukazimika.

Ametoka? Chungulia dirishani, Ikram. Amefika kwake?

Mmeniona wenyewe. Sikuwaficha kitu. Alikaa hapo, alinishika mkono, alikuwa ananingoja niseme, na nilimwomba msamaha kwa kelele.

Nilazeni. Nimechoka sasa, maneno yananipungukia. Sogeeni niwawekee mkono, mmoja mmoja, mkono wenyewe mnyanyue nyinyi. Mustapha, Mungu akupe kifua cha kusema nililoshindwa, na usilipunguze. Ikram, Mungu akuzidishie kwa mumeo, na njoo umtazame dada yako kila mwezi, si kwa simu, kwa miguu. Zamda... Zamda mwanangu, Mungu akupe kutoka pasipo mkono wangu. Mimi nimekuachia banda tu. Jumatatu wakija na nimo bado humu, usishikane nao, mguu wako huo watakuangusha. Wafungulie mlango uje ukae hapa na mimi. Mungu awaridhie. Mimi nimewaridhia wote watatu, hamna deni kwangu, msije mkahangaika.

Sasa sema tena, Mustapha. Lile neno lote. Nataka nilisikie likisemwa kwa sauti, japo mara moja, nikiwa na masikio. Polepole, usiruke kideri.

Ngoja kwanza. Ikram, funga dirisha.